Pilipili Manga ya Bi Pili Jalalani

Bi Pili wa Matombo hakuwa mtu wa kupayuka. Alizaliwa kwenye mteremko uleule anaoulima, shamba la ukoo wa mama yake kama ilivyo kwa Waluguru, na umri wake wote umepita kati ya migomba, iliki na mipilipili manga iliyoparamia miti. Kila baada ya mavuno alimtumia furushi la viungo binti yake Hidaya, aliyeolewa Morogoro mjini. Hidaya akisema, "Ongeza mama, huku tunatumia sana," mama aliongeza.

Mwaka huu macho yakamsumbua, akashuka mjini kutibiwa, akafikia kwa bintiye. Asubuhi moja akitafuta chumvi alifungua kabati la jikoni. Chupa za kioo zilikuwa zimepangwa hadi juu, zote zimejaa. Akafungua ya iliki, akanusa. Akanusa tena, akidhani pua nayo imeanza kumkimbia. Vumbi tupu! Bizari ilikuwa imegandamana kama tope kavu. Pilipili manga ilikuwa na ukungu. Kwenye mdalasini uliosagwa, hata kwa macho yake yale, aliona vidudu vikitambaa.

"Hidaya!"

"Abee, mama."

"Hivi vyote ni vya lini?"

"Vingine ulinitumia mwaka juzi, vingine nilinunua sokoni. Ukichukua vingi kwa mpigo ni nafuu. Halafu kabati linapendeza." Hidaya akavuta ndoo ya taka, akaanza kumimina. "Vimeshaharibika, mama. Utaniletea vingine."

Bi Pili akamshika mkono.

"Nikuletee vingine? Mjomba wako Stambuli anachechemea hadi leo. Unajua kwa nini? Alianguka na ngazi, akaumia nyonga, akichuma pilipili hiyohiyo unayomwaga! Mvua ikakata barabara, nikaibeba kichwani mimi hadi magari yalipoishia. Kumbe naleta pambo la kabati!"

"Mama, ni viungo tu jamani."

"Viungo tu! Nyumba hii mko wanne, pilau mnapika Ijumaa kwa Ijumaa. Iliki ya kujaa kiganja ni ya siku nyingi, na ikiisha, soko unaliendea kwa miguu. Nafuu gani hiyo? Nafuu ya kulisha jalala?"

Hidaya akainamisha uso, machozi yakimlengalenga. Mama yake hakumbembeleza. Alijifunga kanga, akaenda sokoni peke yake akipapasa njia, akarudi na vifurushi vidogo vya karatasi: iliki kidogo, vijiti vichache vya mdalasini, bizari nzima isiyosagwa. Akatwanga ya siku ile tu. Pilau lilipoanza kunukia hadi uani, Hidaya alikuja akasimama mlangoni.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," alijibu Bi Pili, akaendelea kukoroga. Kusamehe bado.

Aliporudi Matombo na dawa yake ya macho, Stambuli alimpokea njiani. Baada ya salamu, neno lake la kwanza likawa, "Hidaya kaipenda ile pilipili yangu?"

Amwambie nini kaka yake? Kwamba nyonga yake imeishia kwenye ndoo ya taka?

"Kaipenda," alisema, na uongo ule ukamchoma kuliko hasira yenyewe.

Msimu uliofuata alimkuta Stambuli ameketi mkekani, anamjazia mpwa wake gunia zima. Bi Pili akalinyakua, akaimwaga pilipili yote mkekani, akachota viganja viwili akavifunga kwenye kitambaa.

"Hizi zinamtosha. Nyingine tunauza."

"Dada, si uchoyo huo? Mtoto wetu yule!"

"Ndiyo, wetu," alisema Bi Pili, akikaza fundo kwa meno. "Akimaliza ataomba. Na aje kuziomba mwenyewe huku mlimani, akuone unavyotembea."