Ufito Juu ya Debe

Shangazi yangu, mtunza ghala la kijiji, aliitwa Bi Ufito kwa ajili ya kijiti alichopitisha juu ya debe kila alipogawa mahindi. Nilipokuwa mdogo hakukihitaji. Tulikuwa kaya arobaini, na debe lilijazwa mpaka likafanya kilele. Kaya zikafika mia mbili, mashamba yakabaki yale yale, na ufito ukaanza kukata kilele. Watu wakamwita mchoyo, utadhani yeye ndiye aliyewazaa wote hao.

Mwaka wa ukame ghala lilibaki na magunia kumi tu, ya mbegu. Watu walikuja asubuhi na mapanga. Aliyetangulia ni baba yangu, kaka yake wa tumbo moja.

"Fungua, dada. Mwanangu mchanga anakata roho."

"Najua, kaka. Lakini hii ni mbegu. Mkiila leo, mwakani mtazika wangapi?"

Baba alikita panga kwenye kufuli. Shangazi akamshushia mtaimbo mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. Wakamvamia. Walimpiga mawe, wakamkanyaga mbavu, na jirani aliyezoea kumwomba chumvi akamtoboa jicho kwa fimbo. Mlango ulipong'oka walikuta mahindi mekundu, yananuka. Jana yake alikuwa ameyachanganya yote na dawa ya wadudu, yasilike. Wakarudi kumpiga upya mpaka wakachoka wenyewe.

Mdogo wangu alikufa siku ya tatu. Baba alichimba kaburi kwa mkono mmoja. Sifichi, nilimchukia shangazi kuliko njaa yenyewe.

Mvua ikanyesha. Wale wale waliompiga wakaja kuchukua mbegu, macho chini, wakapanda. Tulivuna hadi ghala likafurika, watu wakasema njaa imekwisha.

Siku ya mgawo baba alitega gunia kwa mkono wa kushoto. Shangazi akajaza debe, akapitisha ufito.

"Mavuno yote haya, dada, na bado unakata?"

Kwa jicho lake moja alilitazama tumbo la mama, lililoanza kutokeza, kisha la mke wa jirani, kisha la binti aliyefuata kwenye foleni. Akaokota msumari, akakwaruza mstari ndani ya debe, kidole kimoja chini ya ukingo.

"Mwakani tutaishia hapa, kaka."