Uso wa Mama Ulioungua kwa Mwanga

Moshi wa kuni mbichi ukinifikia popote pale, nimesharudi jikoni kwetu Kebirigo, likizo ya Desemba, nina miaka kumi na kamera ya video mkononi. Kamera ilikuwa ya kuazima. Baba mdogo alikuja nayo kwa siku tatu tu, na siku mbili za kwanza hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuipumulia. Nilimzungukazunguka mpaka akachoka. “Haya, shika! Ukiiangusha, usirudi hapa nyumbani.”

Mama alikuwa akimenya ndizi, mdogo wangu Kemunto mgongoni. Duniani kote alikuwa na picha moja, ya kitambulisho, na humo alitokea mweusi tititi, baba akawa hachoki kumcheka. “Wewe usinitoe kama masizi,” akanionya. Basi mimi, fundi wa saa moja, nikazungusha kidude cha mwanga mpaka mwisho. Humo gizani alionekana vizuri ajabu. Lakini alikataa kurekodiwa jikoni. Akavaa gauni lake jeupe la kanisani, akatoka na mtoto wake juani saa sita mchana, nami nikamfuata mbio bila kukigusa tena kile kidude. “Nimetokea?” akauliza. Kioo kilikuwa cheupe pepepe, nami niliona weupe ndio uzuri wenyewe. “Umetokea sana, mama!”

Miezi minne baadaye alifariki. Kitambulisho kikarudishwa serikalini, kama sheria inavyotaka, na sisi tukabaki na kanda ya gauni linalotembea bila kichwa. Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja uzee. Nilianza kuyalea nikiwa darasa la tano.

Mwaka huu Kemunto amejifungua binti, na kwa desturi yetu akampa jina la marehemu. Akanipigia simu. “Dada, namwita mama kutwa nzima. Anafanana naye?” Nilitaka kumjibu nikashindwa, maana hata mimi ule uso ulikuwa umeanza kunitoroka. Tangu hapo sikutulia. Nilipeleka kanda kwa fundi mmoja mjini Kisii, karibu na Daraja Mbili, nikamsimamia kichwani kama askari. Alipopunguza mwanga, migomba ilirudi, ua ukarudi, hata kuku akarudi. Uso ukabaki jivu tupu.

“Dada, penye giza naweza kuchimba,” fundi akasema. “Penye weupe kamera yenyewe haikuona kitu.”

Nilimkasirikia bure, maskini, kosa lilikuwa langu. Nikamlazimisha arudie kanda nzima, picha moja moja. Karibu na mwisho mama anainama chini ya jani la mgomba kukaza kanga ya mtoto. Sekunde mbili za kivuli. Fundi akapunguza, akapunguza tena, na mama akanitazama.

Nilimtumia Kemunto kipande hicho palepale. Nikatoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Simu ilipolia nilidhani ataniambia habari ya pua au macho ya mtoto wake.

“Dada,” akasema, analia, “mbona hukuniambia alikuwa msichana tu?”

Maisha yangu yote nilimkumbuka kama mtu mzima, mkubwa kuliko nyumba. Hapo kwenye kanda ana miaka ishirini na sita. Kemunto ameshampita kwa miwili, na mimi kwa kumi na miwili.