Ndoa Ilivunjika, Bendi Ikabaki

Saa nane mchana, gari dogo la mizigo linarudi nyuma taratibu hadi kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi. Anayeliendesha ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Anazima injini, anashuka, ananyoosha mgongo, kisha anaanza kufungua kamba zilizoshikilia spika.

Mlinzi wa ukumbi anakuja kumsaidia. Anamuuliza, kwa heshima zote, ni yupi kati ya wanamuziki aliye mwanawe.

"Wote," anamjibu, huku akimkabidhi upande mzito wa spika.

Mlinzi anacheka. Hajui bado kwamba mama huyo ndiye mpiga gitaa la besi, dereva, fundi wa nyaya na kiongozi wa Sita kwa Nane, bendi ya watu wanne isiyo na kampuni wala mfadhili. Jina la bendi limetokana na mapigo ya muziki wanayoyapenda, lakini washereheshaji wengi hulikosea. Mara ngapi wametangazwa jukwaani kama Sita kwa Sita, ukumbi mzima ukaangua kicheko kwa kuwazia kitanda cha futi sita kwa sita.

"Tulishaacha kusahihisha," anasema. "Watu wakianza kwa kucheka, kazi inakuwa nyepesi."

Kila mtu humwita Shangazi. Jina hilo alipewa na binti wa mdogo wake wa kiume, aliyekulia kwenye chumba cha mazoezi. Mtoto alipokuwa anamwita, wanabendi wakadakia, na sasa hata wenye kumbi wanaompigia simu huuliza: "Naongea na Shangazi?"

Kwa siku za kawaida, Shangazi hushona viti vya magari. Karakana yake ina cherehani mbili nzito na harufu ya gundi. Nyuma ya karakana kuna chumba kimoja, ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani na mablanketi. Humo ndimo bendi inamorekodia.

Tatizo la chumba hicho ni jirani. Upande wa pili wa ukuta kuna fundi wa kuchomelea mageti, na mashine yake ikiwaka, hata maiki iliyofunikwa blanketi huinasa. Kwa hiyo Sita kwa Nane hurekodi fundi akienda kula. Akirudi mapema, hugonga ukuta kuuliza kama wamemaliza. Siku hizi amegeuka mkosoaji. Asubuhi akipita karakanani husimama na kumwambia Shangazi kwamba ule wimbo wa jana waliuharibu pale katikati.

"Na mara nyingi anakuwa amesema kweli," Shangazi anakiri. "Ndiyo maana inauma."

Albamu yao mpya ilianza kurekodiwa humo, wakati bendi ikiwa bado na watu walewale walioianzisha: Shangazi kwenye besi, mpiga kinanda anayeitwa Mpole kwa sababu siku nzima anaweza asiseme neno, mdogo wake Shangazi kwenye drams, na mbele yao mwimbaji, ambaye alikuwa mke wa mpiga drams, yaani wifi yake Shangazi.

Nyimbo tano zilikuwa zimekamilika midundo yake. Zilizobaki zilikuwa sauti tu. Hapo ndipo ndoa ikavunjika.

Sababu zake mwimbaji hakupenda kuzieleza, na mwandishi hakumbana. Alichosema ni kwamba hakukuwa na kelele. Mume alihamia kwa mama yake, akaacha na bendi pia. Binti yao anakaa na mama yake, na siku za mapumziko huenda kwa baba.

Kwa Shangazi, kelele zilianzia hapo. Ndugu walikaa kikao. Wakasema hawaoni vipi dada wa mtu anazunguka miji na mwanamke aliyeachana na kaka wa watu. Amtafute mwimbaji mwingine, wapo wengi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaaga, akaenda kushona viti.

Lililomkaa rohoni ni la mama yake. Mama hakugomba. Alipunguza maneno tu. Shangazi akienda kumwona aliitikiwa salamu, akapewa chai, kisha mzee akageukia redio yake. Hali hiyo iliendelea karibu mwaka mzima.

"Ningepigwa makofi ingekuwa afadhali," anasema. "Unakunywa chai, unasikia kijiko tu kwenye kikombe. Na mtoto wake mwingine yumo humohumo ndani, chumba cha pili, anajifanya amelala."

Lakini hakumfukuza wifi yake. Anasema si kwamba alikuwa amechagua upande. Hakuweza kumwambia mtu aliyeimba naye zaidi ya miaka kumi kwamba sauti yake ilikuwa ya kuazima kwa ndoa.

Waliporudi chumbani kumalizia albamu, mambo yakaenda kombo. Mwimbaji alivaa hedifoni, Mpole akauachia wimbo, na jambo la kwanza lililosikika lilikuwa sauti ya yule mume akihesabu kuanza: moja, mbili. Mwimbaji akavua hedifoni, akatoka nje, akakaa kwenye kiti cha gari kilichokuwa kinasubiri kitambaa.

Mpole alikata ile hesabu. Haikusaidia. Walijaribu wiki baada ya wiki, fundi wa mageti akienda kula na kurudi, na kila mara mwimbaji alifika kwenye kiitikio akakwama. Akasema koo limekauka. Akasema ni mafua. Kila mtu alijua si mafua.

Shangazi ndiye aliyegundua kitu. Siku moja alibaki peke yake, akasikiliza drams pasipo sauti nyingine. Kabla ya kila kiitikio mdogo wake alikuwa anachelewa kidogo, kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anamsubiri mkewe apumue, ndipo anapiga.

"Nilidhani ni ulegevu wa mkono. Niliwahi hata kumgombeza," anasema. "Kumbe anamsubiri. Sasa fikiria uko peke yako mle ndani, mtu ameshaondoka kwako, lakini mikono yake bado inakusubiri upumue. Utaimbaje?"

Aliamua kuzifuta drams zote na kuanza upya. Mpole, ambaye hasemi, siku hiyo alisema: alimwambia kwamba hiyo ndiyo midundo bora waliyowahi kurekodi. Shangazi akamjibu kwamba anajua.

Ila hakutaka mdogo wake aje kuyajua mabadiliko hayo redioni. Alimfuata kazini, kwenye duka la rangi, ambako huchanganya rangi kwa mashine inayotikisa makopo. Alimkuta ana mteja. Akasubiri. Mteja alipoondoka akamweleza yote bila kuzunguka.

Mdogo wake alichukua kopo jingine, akalifunga kwenye mashine, akaiwasha. Hawakuweza kuongea mpaka ilipozima.

"Hata wimbo ule wa mvua?" akauliza.

"Hata ule."

"Yeye ndiye amekuomba?"

"Hajaomba. Hajui hata kama nimekuja. Mimi ndiye nimesikia."

Alifuta kopo kwa kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili, ingawa lilikuwa limeshatakata. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi mwambie huyo atakayekuja asiharakishe baada ya ubeti wa pili. Pale pumzi humwishia."

Shangazi anasema alifika mpaka kwenye gari kabla ya kulia.

Mpiga drams mpya alipatikana: mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye wanabendi humwita Mwalimu. Hupiga kama anavyofundisha, kila kitu mahali pake. Kwa sababu yake bendi sasa husafiri mwisho wa wiki na likizo za shule. Lakini Mwalimu hakuweza kusubiri pumzi ya mtu. Alijaribu, na wimbo ukawa unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

Hivyo Shangazi akajifunza yeye. Mwalimu anaendelea sawasawa, na besi ndiyo inayonyamaza kidogo kabla ya kiitikio, kisha inaingia. Ilibidi abadilishe alivyozoea kupiga tangu ujana wake. Vidole vilikataa. Alikuwa akifanya mazoezi karakanani, gitaa limelala mapajani, huku wateja wakisubiri viti vyao.

Mwimbaji alirekodi wimbo wa mvua baada ya hapo. Alisimama tu, akaimba mpaka mwisho. Alipomaliza, ukuta uligongwa na fundi wa mageti akauliza kama anaweza kuendelea na kazi, au watauimba tena ule wimbo.

"Mimi sikujua kama alikuwa amemfuata baba wa mtoto kule dukani," mwimbaji anasimulia, akikunjua nyaya jukwaani. "Niliambiwa na binti yangu baadaye. Wifi yangu hajawahi kunitajia mpaka leo. Na mimi sijamshukuru, maana nikianza nitashindwa kumaliza."

Bado anamwita wifi. Aliwahi kujaribu kumwita dada, likawa linamkwama mdomoni.

Nyumbani, mambo yalilegea polepole. Mdogo wake Shangazi ndiye aliyemwambia mama yao kwamba kumnunia dada yake kwa ajili yake hakumsaidii. Shangazi hakuwepo, alikuja kusimuliwa. Alichokisikia mwenyewe ni simu ya asubuhi moja, bendi ikiwa njiani. Mama yake alimwuliza wako wapi, barabara ikoje, na kama gari limefanyiwa matengenezo.  Kisha akauliza, "Na wifi yako, anakula vizuri?"

Shangazi aliweka gari pembeni ya barabara. Akamwambia mama yake kwamba anakula, na kwamba amekaa hapa kiti cha mbele, amesinzia na mdomo wazi. Mama akasema mwache alale.

Maisha ya bendi bado si rahisi, hata baada ya hayo yote. Mwaka uliopita walipiga maonyesho kama thelathini, na baadhi yake hayakurudisha hata mafuta. Wamelala madarasani, wamelala kwenye gari, na mara moja walipiga mbele ya wahudumu wa ukumbi peke yao, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Wahudumu wale, anasema, walicheza mpaka wakavua viatu.

Sasa albamu imetoka, na likizo ndefu ya shule iko karibu. Mwalimu ameshatazama kalenda. Ziara itapita miji waliyowahi kupiga karibu yote, lakini kwa mpango ambao Shangazi amewabembeleza wenzake kwa muda mrefu mpaka wakakubali: safari hii watalala siku mbili kila mahali, na siku ya pili hakuna atakayegusa chombo.

"Nimefika miji mingi kuliko dereva wa lori, na hakuna hata mmoja ninaoujua," anasema, ameketi kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ikining'inia, akisubiri umeme wa ukumbi uwashwe. "Najua soketi ziko wapi na choo kipi hakifungi. Watu wenyewe nawaona vichwa tu, gizani, wanaimba maneno yetu. Tukimaliza, wao wanaenda kwao, sisi tunafunga nyaya na kuondoka."

Anavaa miwani, anatazama viti vitupu vilivyopangwa mbele yake.

"Nataka niamke asubuhi, nitembee. Nimkute yule aliyekuwa anaimba mstari wa mbele amefungua duka lake, au anampeleka mtoto kliniki. Sina la kumwambia. Nataka nimsalimie tu, mchana kweupe."