Inspekta Asiyesalimia

Jumamosi iliyopita, kwa kinyozi wa mtaani kwetu, nilisubiri zamu nyuma ya kijana aliyetakiwa kwa wakwe saa nane, wamwone kwa mara ya kwanza. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande mmoja. Upande wa pili ulingoja, kwa kuwa kwenye tamthilia ya upelelezi ya televisheni, inspekta tunayemfahamu kwa adabu alikuwa ameingia kwa mjane na kuketi bila salamu.

"Huyu si yeye," alisema mama muuza samaki, aliyekaa mlangoni.

"Ni yeye, mama. Sura ni ile ile," kinyozi alijibu, mashine ikiwa hewani.

"Inspekta wetu anasalimiaka hata maiti. Huyu ni mwizi alivaa koti yake."

Nilitaka kupinga kwa kusema kwamba kutosalimia ni dalili tu, wala si ushahidi. Kabla sijasema, umeme ulikatika; televisheni na mashine vikazimika pamoja.

Kijana alijipapasa kichwa, akatazama saa, akachukua kofia ya kinyozi na kutoka bila kuaga.

"Na huyu pia si yeye," mama akatamka.

Kijana alirudi, akavua kofia. "Mubaki muzuri, mama."

Mama alimkagua pande zote mbili. "Sasa ni wewe. Kule kwa wakwe, salimia kwanza, mbele waone kichwa."

Bado nashikilia kwamba inspekta hajathibitishiwa kosa. Hata hivyo, nilipoondoka niliaga kila mtu, nikianza na mama.