Muhuri wa Ng'ambo, Kiatu cha Nyumbani

Kaka yangu alipeleka kiatu kikashonwe, akarudi na mchumba. Ndivyo wifi yangu alivyoingia kwetu, na tangu siku hiyo sijanunua kiatu dukani wala sijaacha kumtania. Mtaani wanamwita Mama Soli. Ni mfupi, vidole vimekomaa kwa uzi na sindano nene ya shazia, na sauti yake hufika barabarani kabla yake. Ufundi alirithi kwa baba yake, aliyemketisha kwenye stuli akiwa na miaka tisa na kumwambia atanyanyuka atakapojua kushona mstari ulionyooka. Mwenyewe husema hajanyanyuka mpaka leo.

Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya nyumba. Kuna cherehani mbili za ngozi, meza iliyojaa makovu ya visu, na rafu ya kalibu, ile miguu ya mbao ambayo ngozi huvishwa ili ipate umbo. Mafundi ni sita. Mimi nilikuwa karani wa shule, na nilipostaafu wifi aliniambia, "Wifi, mtu wa kupanga mafaili huwezi kukaa unapanga vikombe. Njoo ushike makaratasi." Nikaja, na mpaka leo ananilipa kwa viatu na maneno.

Sasa niseme lile jambo lenyewe. Wifi ameniruhusu, na hata asingeniruhusu ningesema.

Zamani alipoanza kuuza sokoni, mteja mmoja alikipenda kiatu, akakipinda, akakinusa, kisha akauliza, "Cha wapi hiki?" Wifi akajibu kwa fahari, "Nimeshona mwenyewe." Yule bibi akakirudisha mezani kana kwamba kimemuunguza. Wifi hakubishana. Wiki iliyofuata alimwendea mchonga mihuri, akachongewa muhuri wenye taji na maneno ya ng'ambo ambayo hakuna hata mmoja wetu anayejua yanasema nini. Viatu vilikuwa vilevile, ngozi ileile, mkono uleule, na kufika adhuhuri vilikwisha. Yule bibi naye alinunua jozi mbili, akamwambia, "Haya ndiyo mambo! Si vile vyako vya juzi." Sokoni wifi alicheka naye. Nyumbani alikaa jikoni mpaka ugali ukaungua. Baadaye akawa anasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akigonga muhuri. Ikawa ndiyo kazi yake ya mwisho kwa kila kiatu: nta, kitambaa, muhuri.

Miaka ikaenda hivyo. Mwaka huu biashara ikalegea, viatu vya plastiki vikajaa kila kona, na wifi akawaambia mafundi wawili, huku akitazama ukuta, kwamba mwisho wa mwezi huenda wakapumzika. Ndipo likatoka tangazo: hospitali ya serikali inahitaji viatu vya wauguzi, jozi mia nne. Nililisoma mara mbili. Lilisema kwamba bidhaa ikipatikana nchini na ikafikia viwango, ya nyumbani ndiyo itakayonunuliwa kwanza, na ya nje itafikiriwa tu kama ya ndani imekosekana.

"Wifi," nikamwambia, "safari hii wanakutaka wewe kama ulivyo."

"Haijawahi kutokea," akasema, akafungua dirisha kupata mwanga.

Alishona jozi tatu kwa siku mbili, akachagua iliyo bora iwe sampuli. Mimi nilijaza fomu saba kwa mwandiko wangu wa ukarani, na palipoulizwa bidhaa imetengenezwa wapi nikaandika "nchini" na kupiga mstari chini yake. Nikafunga viatu kwenye boksi kwa mikono yangu mwenyewe. Nakiri, ni mimi niliyevifunga.

Siku ya tatu baada ya kuvipeleka, tukaitwa ofisi ya ununuzi ya hospitali. Afisa ununuzi, bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameweka fomu upande huu na kiatu upande ule. Akakiinamisha tukaona ndani. Taji lile, linang'aa.

"Mama zangu," akasema, "fomu inasema nchini. Kiatu kinasema ng'ambo. Nimwamini nani?"

Mkono wa wifi ulikuwa umegonga muhuri bila kumuuliza mwenyewe, na macho yangu yalikuwa yameuzoea hata hayauoni tena. Nikafungua mdomo niseme sampuli zilichanganywa, uongo ulikuwa tayari ulimini, na wifi akanikanyaga.

"Baba, kiatu nimeshona mimi," akasema. "Na huo muhuri niliuchongesha mimi. Nilikuwa nawadanganya wateja, maana nikiwaambia kweli hawanunui."

Mabega ya afisa yakaanza kutikisika, akavua miwani, akacheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. "Mama, kila anayekaa kwenye kiti hicho anaficha kwamba bidhaa yake ni ya nje. Wewe ni wa kwanza kuficha kwamba yako ni ya ndani!" Akajifuta machozi, sura ikarudi kazini. "Lakini kucheka si kupitisha. Kumdanganya mnunuzi ni kosa, hata kwa kitu kizuri, na muhuri huo ukome leo. Kingine, sheria inataka ushahidi kwamba kiatu ni cha hapa. Keshokutwa kamati inakuja karakanani."

Jioni ile wifi aliutia muhuri kwenye jiko la mkaa.

Kamati ilikuja asubuhi, watu watatu: afisa wetu, mkaguzi wa viwango, na muuguzi mkuu wa hospitali, mama mnene asiye na mzaha. Mkaguzi alipekua stakabadhi zangu. Ngozi ilitoka kiwanda cha ndani, uzi wa ndani, soli tu ndizo za nje. Akapiga hesabu, akaona sehemu kubwa ya kiatu ni ya hapa. Nikadhani tumemaliza. Muuguzi mkuu akavua kiatu chake.

"Karatasi ni karatasi," akasema. "Nishonee mimi, hapa hapa, nione."

Kando ya kidole gumba alikuwa na kinundu cha mfupa. Wifi hakukisemea. Alichora nyayo zake juu ya kipande cha boksi, akachagua kalibu, akabandika juu yake vipande vya ngozi pale ambapo kinundu kingekaa, ili kiatu kipaachie nafasi. Akakata, akashona, akavuta ngozi kwa koleo, huku ulimi haupumziki. Alimpa afisa ununuzi kazi ya kushika uzi, akamkaripia kwa kuulegeza, na mafundi sita wakafa kwa kicheko. Mpaka alasiri jozi ikawa tayari. Akapaka nta, akafuta, na mkono wake ukaenda wenyewe pembeni ya meza kutafuta muhuri. Ukapapasa, haukupata kitu. Sote tuliona. Akaona haya, akamkabidhi mama yule viatu hivyohivyo.

Muuguzi mkuu akavivaa. Akatembea hadi mlangoni, akarudi. Akaenda tena, mara hii haraka, kama anayewahi wodi. Kisha akasimama.

"Miaka kumi na mitano nanunua vya kutoka nje," akasema taratibu. "Hakuna kilichowahi kujua kwamba nina mfupa huu."

Wifi yangu, ambaye nimemwona akijishona kidole na kuendelea na kazi, akalia. Afisa akatikisa kichwa kwa kukubali. "Mcheza kwao hutunzwa, mama," akasema, akaweka sahihi kwenye taarifa yao.

Barua ilikuja wiki mbili baadaye. Mafundi wakaacha nyundo, hata wale wawili waliokwisha kuanza kuuliza kazi kwingine, nami nikasoma kwa sauti: jozi mia nne, tarehe, masharti. Kisha nikasoma mstari wa mtengenezaji, ambapo palikuwa na jina lake kamili, lile alilopewa na baba yake, ambalo hata mimi silisikii mara nyingi.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma.

"Tena, wifi. Polepole."

Nikasoma mara ya tatu, na mafundi wote sita wakalitamka pamoja nami.