Gusa Uso Tu

Fundi picha wa mtaa wetu wa Soweto, hapa Mbeya, aliniuliza aiache picha yangu ilivyo au aiguse kidogo. Ilifaa nimwambie aiache. Nikasema, "Gusa uso tu."

Picha ilikuwa ya kumtumia mjane mmoja wa Iringa, anayesali kanisa moja na dada yangu. Mimi nilikuwa mgane, nimechoka kula peke yangu. Msimu mzima wa mvua tulizungumza kwa simu na kusalimiana kama watu wa rika moja, maana ndivyo tulivyokuwa. Sasa alitaka kuniona sura kabla ya kuja Mbeya.

Fundi alikizungushia kichwa changu mstari kwenye kompyuta, akasema kilicho nje ya mstari hakitaguswa. Ndani ya mstari akaongeza mwanga, akafuta mikunjo, akazitia nywele weusi. Jino lililong'oka likarudi.

"Mzee, niishie hapa?"

"Endelea."

Alipomaliza, kijana mtanashati alikuwa amekaa ndani ya koti langu, ameshika fimbo kwa mikono ya babu yake. Sote wawili tuliiona ile mikono. Fundi akasema watu huangalia uso.

Siku aliyokuja nilimsubiri stendi, nimevaa koti lilelile. Alishuka na kikapu, simu mkononi, akikagua nyuso za wanaume. Akanipita. Kisha akarudi, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Nilikuwa na nafasi ya kucheka na kusema ni mimi. Mdomo ukajibu wenyewe, "Marahaba, mwanangu." Na mwanamke ukishamwitikia marahaba ya namna ile, utaanzia wapi kumposa?

Akanionyesha picha. "Unamfahamu huyu?"

"Mdogo wangu. Ameitwa ghafla Chimala, kwenye mpunga. Koti kaniachia mimi."

"Hata sauti mmefanana."

"Tumenyonya ziwa moja."

Tukakaa mgahawani tukinywa chai, tukimsubiri mimi. Alinikorogea sukari, akanimegea andazi vipande vidogo kwa kulihurumia pengo langu.

"Shemeji, nikwambie kweli? Hii sura ilinitisha. Nikajiuliza, kijana huyu anatafuta nini kwa bibi kama mimi? Nilitaka kukataa." Akaikuza picha kwa vidole. "Halafu nikaiona mikono. Hii imelima, imezika. Nikasema acha nikamwone mwenyewe."

Niliishusha mikono yangu chini ya meza.

"Atarudi lini?"

"Mpunga una mambo mengi, mwanangu."

Basi la kurudi Iringa lilipoanza kuita abiria, akanisogezea kikapu. Ndani mlikuwa na soksi za sufu alizofuma mwenyewe kwa ajili ya baridi yetu. "Mpe. Umwambie asinitafute. Mtu aliyeshindwa kunipokea stendi, nyumbani ataniweza?"

Mwaka uliofuata nilikwenda Iringa kumtembelea dada. Nje ya kanisa tukakutana naye, yuko na mumewe, mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, mwenye upara na mapengo kunizidi.

"Shikamoo, shemeji. Mdogo wako hajambo?"

Dada aligeuka kunitazama. Mimi ndiye kitinda mimba kwetu.

"Marahaba," nikasema. "Hajambo."

Soksi zinanitosha sawasawa. Nimemkosa mke aliyekuja kunifuata mimi huyuhuyu, kwa kuuonea aibu uso wangu, na mpaka leo nakula peke yangu.