Majani Kwenye Meza ya Baba Mdogo

Mwaka niliopunguzwa kazi kiwandani sikuwa na kitu cha kuwapelekea watu Krismasi, ila kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, mjini, na mwenye nyumba aliniruhusu niweke benchi la useremala barazani. Hapo nikatengeneza vimeza vitatu vya zawadi, vidogo, vya kuwekea kikombe au redio: kimoja cha mama mkwe, kimoja cha dada yangu, na kimoja cha baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa akiishi Kibosho, mlimani.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonihangaisha. Uso wake ulikuwa mringaringa, mbao ya kahawia. Nilichimba kwa patasi vishimo vyenye umbo la majani, halafu nikapachika humo vipande vyeupe vya mti wa mbuni. Mibuni hiyo niliing'oa mwenyewe kwenye kihamba cha baba, shamba letu la urithi, wakati bei ya kahawa ilipoanguka na majirani wakaanza kupanda nyanya. Nilikusudia majani ya mgomba. Lakini shina la mbuni ni jembamba. Kila nilipojaribu kukata jani pana, lilipasuka. Yakatoka marefu na membamba. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikaona yanapendeza.

Siku ya Krismasi nikapanda Kibosho na mke wangu, meza nimeifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alijibu, bila kuniangalia. Sikushangaa. Miaka miwili hivi alikuwa ananijibu namna hiyo, nami nilidhani ni uzee tu.

Nilipoifungua kanga, akainama. Akapitisha kidole juu ya jani moja, kisha la pili. Akamwita mama mdogo kutoka jikoni.

"Njoo uone. Mtoto ameleta isale."

Isale ni ule mmea wa majani marefu membamba tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Kwa sisi Wachagga, mtu akikuletea jani lake amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Niliyatazama majani yangu upya. Kweli, yalikuwa isale matupu.

"Umechelewa," baba mdogo alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini umekuja. Nimekusamehe, mwanangu."

Nilifungua mdomo niseme ni ya mgomba. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Asante, baba." Akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, akanywa yeye kwanza, akanipa. Siku ile nilikatiwa nyama ya mbuzi sehemu ya heshima ambayo sikuwahi kukatiwa katika nyumba ile.

Tulipopita kanisa njiani kurudi, mke wangu akanigeukia.

"Ulimkosea nini?"

"Sijui."

"Mtu anasamehewa kitu asichokijua?"

"Nakwambia sijui."

"Haya," alisema, na kwa namna alivyolitamka nikajua ameanza kunihesabia makosa mengine.

Wiki nzima nilikaa kwenye benchi bila kazi kwenda. Je, ni mibuni? Ilipandwa na baba, na huenda baba mdogo alimsaidia kuchimba mashimo. Au ni ule msiba wa shangazi nilioukosa kwa sababu ya zamu ya kiwandani? Au ni neno lililonitoka nikiwa nimelewa? Nilipekua kumbukumbu zangu, na kila nilipopekua nilikuta kosa, ila sikujua kama ndilo lenyewe.

Nikarudi Kibosho siku ambayo nilijua baba mdogo yuko kwenye kikao cha parokia. Mama mdogo alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Mama, nilimkosea nini mzee?"

Akaacha panga hewani. "Mimi ndiye nilitaka nikuulize wewe. Alikataza jina lako lisitajwe hapa, hakusema kwa nini."

Basi nikajipa moyo nikamsubiri mzee mwenyewe. Alipofika nilimwambia yote: kwamba majani yale ni ya mgomba, na kwamba sijui kosa langu.

"Mgomba hauna jani jembamba vile."

"Ni mti ulinishinda, baba."

"Sikiliza. Lile jambo limekwisha. Ukinilazimisha nilitaje, nitakasirika upya, na mimi ni mzee. Nenda kaendelee na kazi."

Nikaenda. Sikujua nifurahi au niwe na aibu. Nilijiona kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, nalo likamkaa sawasawa.

Karibu na Pasaka nikamwona baba mdogo anakuja Majengo kwa miguu, fimbo mkononi. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikaa kwenye gogo, akaipapasa mbao niliyokuwa naipiga randa, akauliza kama mti wa mbuni bado ninao.

"Upo, baba."

"Nitengenezee nyingine, ndogo kuliko ile. Majani yawe yale yale. Ni ya mama yako mdogo."

Nikacheka kidogo. "Kwani na wewe umemkosea nini mama?"

Hakucheka. Aliangalia barabarani, kwenye maduka ya mitumba, kama mtu anayetafuta aliyemwita.

"Wewe tengeneza tu," alisema.

Nikachukua penseli, nikaanza kuchora jani la kwanza, jembamba kadiri nilivyoweza.